Herufi ya Tatu

Mwaka wangu wa kwanza Bombo nilifungua faili
la damu ya mtoto wa Muheza, namba sifuri nne moja saba,
nikakuta kimelea chake kimejaa A na T, A na T,
kama mtoto mchanga anayejaribu kuita.
Kurasa elfu, hakuna nukta, hakuna aya.
Halafu, katikati ya mstari, jina la mji wangu:
T, A, N, G, A.
Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

N si herufi ya damu.
Mashine huiandika pale iliposhindwa kusoma.

Baba alikuwa mtu wa korona ya mkonge, Ngomeni.
Majani thelathini, tita moja;
kelele, maji ya kijani, na harufu chachu
iliyomfuata hadi kitandani.
Aliniuliza, "Mwanakombo, huko ng'ambo unasomea nini?"
Nikamwambia: jinsi uzi unavyojikunja wenyewe.
Akavitazama viganja vyake.
"Uzi haujikunji, mwanangu. Uzi husokotwa."

Lakini protini hujikunja. Hakuna mkono.
Shanga mia tatu na kumi na mbili hutoka zimenyooka,
na kabla hujapepesa jicho zimekuwa ndoana,
zimekuwa mfuko, zimekuwa kufuli
lenye tundu moja la kupita dawa.
Kazi yangu ilikuwa kulitabiri tundu.
Hiza, wa maabara ya chini, huiita ramli mpaka leo.

Miaka tisa.
Seva mbili, moja kiziwi,
feni imefungwa kwa kamba aliyoisokota Baba.
Umeme ukikatika saa nane usiku
hesabu ya siku sita hurudi mwanzo,
nami husikia jenereta ya hospitali ikikohoa,
nikijua wodi ya watoto itawashwa kabla yangu.
Na iwe hivyo.
Nilikosa arusi ya Semeni.
Arubaini ya Baba niliikosa kwa siku moja.

Mwezi wa saba ikaja programu kutoka mbali.
Dakika arobaini.
Niliisubiri na andazi mkononi.
Umbo likatokea, likizunguka polepole kwenye kioo,
buluu pale inapojiamini,
rangi ya chungwa pale inapositasita.
Nikalilaza langu juu yake.
Yalikaa. Wallahi yalikaa, kama kawa na sinia,
isipokuwa kitanzi kimoja,
shanga kumi na nne
nilizozikunja ndani miaka yote tisa,
nazo zilikuwa zinatazama nje.
Kamba hukatikia pembamba.

Sikulia. Nilikwenda bombani
nikaosha kikombe kilichokuwa safi.
"Sasa utafanya nini?" Hiza akauliza,
kwa sauti ya mtu anayezungumza na mjane.

Sijui, nilisema. Nikakaa.
Kisha: hebu tazama hapa pa chungwa.
Mwishoni kabisa, mkia wa shanga sitini,
mashine imeuchora kama singa iliyotoka korona,
inaning'inia tu, haijui ielekee wapi.
Nikashuka kwenye faili, chini ya protini,
hadi kwenye herufi zenyewe,
na pale mkia unapoanzia
nikaikuta ile N niliyoichekea.
Nilikuwa nimeijaza kwa kukisia,
mwaka ule wa kwanza,
nikasahau kwamba nilikisia.

Sifuri nne moja saba, kama yu hai,
sasa ana miaka kumi na tatu.
Najua kila kilichokuwa kikimla
na sijui jina lake.

Kesho Hiza atakitoa kichupa kwenye barafu.
Damu iliyobaki ni tone na nusu.
Nimeshaandika lebo, kwa kalamu isiyofutika:
Tanga, 0417. Soma tena.